Shule ya msingi ya mwanangu ni nzuri kweli? Maswali ambayo wazazi wa Dar tunaulizana kila siku

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, na miaka minne nilikaa kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali. Wa kwanza alisoma Kayumba, yaani shule ya serikali ya Kiswahili, mwanzo mwisho, wa pili alianzia medium, zile za kufundisha kwa Kiingereza, akarudi Kayumba, wa mwisho ndo yuko darasa la tatu sa hivi. Kila Januari na kila matokeo yakitoka simu inaita, wasap inajaa, na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayotoaga. Soma lile linalokuhusu.

Hivi shule nzuri ni ipi hasa?

Kwangu mimi ni ile ambayo mtoto wa mwisho darasani naye anajifunza. Yule wa kwanza hata umpeleke wapi atasoma, pengine nyumbani kuna mtu anamkalisha chini jioni, vitabu vipo, chai kanywa. Shule inapimwa kwa yule anayekaa nyuma karibu na mlango, ambaye jana hakuja na leo kaja hana kalamu. Mwalimu anajua jina lake? Anajua anakwama wapi? Akikosea anaelekezwa au anachekwa? Ukishajua majibu ya hayo kwenye shule yoyote, hata ada ikiwa milioni tatu au ikiwa bure, umeshajua sehemu kubwa. Na tusisahau mtoto yuko pale kuanzia asubuhi mpaka saa nane au tisa mchana, siku 194 kwa mwaka, kwahiyo tunachokipima sio masomo tu, ni malezi pia: anakula nini, anajisaidia wapi, nani anamwangalia akianguka.

Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) nayasomaje? Si yanatosha tu?

Yanasaidia sana ila hayatoshi. Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya darasa la saba, chagua mkoa, alafu halmashauri (Dar tuna tano, Jiji ambalo ndo Ilala, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni), alafu shule. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. A inaanzia 241, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, chini ya hapo ni E. Mwenye A mpaka C ndo kafaulu.

Sasa watu wengi wanaishia kwenye wastani wa shule wanafunga simu. Usifunge. Hesabu watoto waliofanya mtihani, alafu rudi nyuma miaka mitatu ufungue upimaji wa darasa la nne wa shule hiyohiyo uhesabu tena. Tuseme la nne walikuwa 60 na la saba wamefanya 38, hao 22 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, sawa, Dar watu wanahama kila siku kodi ikipanda. Lakini kuna shule zinawaondoa watoto wazito wa kuelewa kabla ya la saba, au zinawarudisha darasa, au mzazi anaitwa anaambiwa kwa upole mtafutie shule nyingine, ili wastani upendeze. Serikali imeshakataza huo mchujo mara nyingi. Shule ikifanya hivyo imekwambia wazi kwamba siku mwanao akikwama hawatamsaidia, watamtoa, na hilo kwangu linatosha kuondoka getini.

Alafu usiangalie mwaka mmoja, angalia minne. Mwaka mmoja unaweza ukawa ni darasa zuri tu. Na angalia D na E ziko wapi, kwasababu shule mbili zinaweza kuwa na wastani unaofanana, moja watoto wote wako C na B, nyingine ina A kumi na lundo la D. Mi nachagua ya kwanza.

Kuhusu mabango ya barabarani, NECTA ilishaacha kutangaza shule kumi bora kitaifa toka Januari 2023. Ukiona bango la mwaka wa karibuni limeandika kumi bora kitaifa, uliza limetokana na orodha gani.

Serikali si ina watu wa kukagua shule? Kwanini nihangaike mimi?

Wapo. Zamani tuliita wakaguzi, sa hivi ni Wathibiti Ubora wa Shule, wako chini ya Wizara ya Elimu na wana ofisi kwenye wilaya. Hawaangalii ufaulu peke yake. Wanaangalia mafanikio ya wanafunzi katika kujifunza, ufundishaji na upimaji, mtaala unavyokidhi mahitaji ya watoto, uongozi wa shule, mazingira na vile yanavyogusa afya, ustawi na usalama wa mtoto, na mwisho ushirikiano wa shule na jamii. Maeneo sita. Hilo la mwisho ndo sisi wazazi, yaani hata wao wanajua shule ambayo mzazi hakanyagi ina tatizo.

We unachoweza kufanya ni kumuuliza mwalimu mkuu kwa adabu tu, wathibiti ubora walikuja lini mara ya mwisho, walishauri nini, na nini kimebadilika. Mwalimu mkuu mzuri anakujibu bila kutafuta maneno, tena anakwambia na yale waliyomkosoa. Nilivyokuwa kwenye kamati walikuja, wakatuambia madaftari ya la tatu hayasahihishwi. Iliuma, lakini ndo ukawa mwanzo wa mabadiliko, tukakubaliana na walimu kila mwezi wajumbe wawili wa kamati wapitie madaftari kumi yaliyochukuliwa bila kuchagua. Baada ya muhula mmoja ukifungua daftari unaona tofauti.

Kama ni shule binafsi, kabla ya yote uliza namba ya usajili. Kwa shule za msingi inaanza na EM. Wakianza kusema "iko kwenye mchakato" usilipe hata senti.

Nikienda kuitembelea niangalie nini?

Kwanza usiende siku ya mahafali wala siku ya kikao cha wazazi, siku hizo kila kitu kimefagiliwa. Nenda Jumatano au Alhamisi, fika kama saa tatu na nusu hivi ukute kipindi kinaendelea alafu ubaki mpaka mapumziko.

Getini je, umeulizwa we ni nani? Umeandika kwenye kitabu cha wageni? Kama umepita mpaka madarasani na hamna aliyekusimamisha, basi na mtu mwingine yeyote anaweza kupita. Angalia walimu wako wapi, wakati wa kipindi walimu saba wakiwa chini ya mwembe au ofisini na madarasa yanapiga kelele, hapo hamna ufundishaji hata kama majengo yana marumaru. Simama nje ya dirisha usikilize. Je ni watoto wote wanaitikia kwa pamoja "ndiyooo mwalimu" muda wote, au kuna wakati mtoto mmoja mmoja anaongea, anauliza, anaeleza amepataje jibu? Na mtoto akijibu vibaya mwalimu anafanyaje, hapo sikiliza kwa makini kuliko kote.

Uliza nani anafundisha la kwanza na la pili. Shule nyingi zinamweka mwalimu wake hodari la saba kwasababu kuna mtihani, na watoto wa la kwanza wanapewa yeyote aliyebaki, wakati huko chini ndo kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ndo nyumba inajengewa msingi. Nikikuta shule ambayo mwalimu wa la kwanza ni mtu mzima mwenye uzoefu, mchangamfu, watoto wanamkumbatia miguu, moyo wangu unatulia.

Mapumziko ukifika angalia watoto wakimuona mwalimu anapita, wanamkimbilia au wanamkimbia. Alafu nenda chooni. Omba kuona choo cha wanafunzi, sio cha walimu. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, shule nyingi za Dar hazijafika huko, lakini usafi, mlango unaofungika kwa ndani na maji ya kunawa havisubiri bajeti kubwa. Kwa mabinti wa la tano kwenda juu uliza kama kuna sehemu ya kujisitiri wakiwa hedhi, na kama kuna mwalimu wa kike wanayeweza kumwendea. Wapo wasichana wanakosa shule siku kadhaa kila mwezi kwasababu tu choo hakina mlango.

Nitajuaje kama wanafundishwa kweli, mi nipo kazini kutwa nzima?

Daftari. Jamani daftari. Kama una nusu saa tu kwa mwezi itumie hapo, na hili nitalisema kwa urefu kwasababu ndo kipimo cha bure ambacho kila mzazi anacho mkononi na hatukitumii.

Fungua daftari la Hisabati. Angalia tarehe, wiki hii kuna kazi ngapi? Kama daftari limeruka kutoka tarehe 4 mpaka tarehe 19 na mtoto alikuwa anaenda shule kila siku, hizo wiki mbili alikuwa anafanya nini? Alafu angalia masahihisho. Tiki moja kubwa imekatiza ukurasa mzima maana yake mwalimu kapita tu. Tafuta kosa moja ulilolijua we mwenyewe, mfano 7 mara 8 kaandika 54, uone limepigwa tiki au limewekewa alama ya kukosa. Kama limewekewa, je chini yake mtoto kalirudia akapata? Ukiona kosa, alama ya kukosa, alafu sahihisho la mtoto, alafu tiki ya pili, basi mshukuru Mungu, huyo ni mwalimu.

Nenda Kiswahili. Je kuna ukurasa wowote ambao mtoto katunga mwenyewe? Sentensi zake, hadithi ya sikukuu, barua kwa bibi? Au kila kitu kimenakiliwa ubaoni? Ukitaka uhakika azima daftari la mtoto wa jirani wanaosoma naye, kama mpaka makosa ya herufi yanafanana hapo watoto wananakili tu. Mwisho linganisha kazi ya Februari na ya Agosti, hata mwandiko peke yake, kama hamna kilichosogea uliza.

Hili nililijifunza kwa machungu. Wa pili wangu tulimpeleka medium moja hivi, ada tunalipa kwa kujibana, baba yake alikuwa anashinda njaa kazini ili tu awamu isipite. Daftari lake lilikuwa zuri kuliko la mtu yeyote pale mtaani, mwandiko wa Kiingereza umenyooka, tiki kila mahali, nyota, "Good". Siku moja akiwa la tatu nikamuonesha sentensi aliyoiandika mwenyewe nikamwambia mama nieleze hii inasema nini. Akaniangalia tu. Hakujua hata neno moja. Miaka mitatu alikuwa anachora herufi. Nililia ile siku, na sikumlaumu mtoto, nilijilaumu kwa kuangalia tiki bila kumuuliza swali.

Nampimaje kusoma nyumbani?

Rahisi. Chukua hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili ambayo hajawahi kuiona, maana kile kitabu chake anaweza akawa kakikariri. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao yao, unafungua hata kwa simu. Asome kwa sauti, usimkatize. Akimaliza muulize maswali mawili, nini kilitokea na kwanini. Akikwama kwenye hadithi mpe sentensi chache, akikwama mpe maneno, akikwama tena mpe herufi, hapo utajua ameishia wapi. Shirika la Uwezo wamekuwa wakipima watoto majumbani kwa njia kama hiyo, na wanawapa kipimo cha la pili hata walioko madarasa ya juu, kwasababu wapo watoto wanafika la tano na la sita wanakwama hapohapo.

Kwa hesabu mpe ya dukani. Una elfu tano, umenunua mafuta ya elfu moja mia nane na sabuni ya mia saba, chenji shilingi ngapi. Usimpe kikokotoo na usimharakishe.

Mtoto wa la tatu akishindwa hadithi ya la pili usimpige wala usimwambie we mjinga kama fulani. Nenda shule kesho yake.

Darasani wako 120. Hiyo si ishara kwamba shule ni mbovu?

Ni ishara ya mji kukua haraka kuliko madarasa. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu, na awali ni 25. Lakini elimu bila malipo ilivyoanza 2016 watoto waliokuwa nyumbani wakaja shule, jambo jema kabisa, na maeneo kama Mbagala, Chamazi, Gongo la Mboto na Chanika familia ndo zinahamia kila mwaka, ndo maana kuna shule zinaingia zamu mbili, wengine asubuhi wengine mchana.

Idadi hiyo inaumiza, siwezi kusema haina shida. Ila nimeona mwalimu wa la kwanza mwenye watoto 110 kawagawa makundi, kila kundi lina kiongozi, kila siku anakaa na safu moja anawasikiliza kusoma mmoja mmoja, mpaka wiki inaisha kawafikia wote. Huyo mama namheshimu kuliko watu wengi wenye vyeo. Kwahiyo usiulize tu wako wangapi, uliza mwalimu anawafikiaje. Na kama una nafasi, muulize unamsaidiaje.

Kayumba au medium?

Hili swali naulizwa kuliko yote na jibu langu huwa halimfurahishi mtu. Lugha peke yake haikupi ubora. Mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza na mwalimu ambaye Kiingereza chenyewe kinampiga chenga anapoteza vitu viwili, lugha na somo. Na mtoto wa Kayumba aliyeelewa sayansi yake vizuri kwa Kiswahili akifika kidato cha kwanza atahangaika na Kiingereza miezi ya mwanzo, hilo ni kweli kabisa na tusilifiche, ila kichwani kitu kipo. Kama unaenda medium, ongea na mwalimu wa darasa, sio na yule wa mapokezi, ongea naye kwa Kiingereza au nenda na mtu anayekijua. Kama unaenda Kayumba, angalia alama za somo la English kwenye matokeo na ujipange kumsaidia mapema. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, Olympio na Diamond kule Upanga ndo zinazojulikana zaidi, hizo zina ada, na nafasi wanaogombea ni wengi.

Usimpeleke mtoto shule ambayo ada yake itawafanya mlale njaa nyumbani. Mtoto mwenye njaa hasomi kwa lugha yoyote.

Fimbo je? Mwanangu karudi na alama miguuni.

Nitaanza na kanuni zinavyosema kwasababu wazazi wengi hawazijui, na walimu wengine pia. Kwa kanuni za mwaka 2002 adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu tu, anayeitoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kwenye kitabu pamoja na sababu. Kwahiyo kuchapwa kwa kukosa hesabu, kuchelewa kwa ajili ya daladala, au kutokuleta hela ya pepa, hakuna mahali kumeruhusiwa. Mwalimu kutembea darasani na fimbo kama sehemu ya mavazi pia hakuna.

Mi binafsi sikubali fimbo kabisa, nimeona watoto wanaacha kunyoosha mkono kwasababu yake, na mtoto asiyenyoosha mkono mwalimu hawezi kujua anakwama wapi. Karudi na alama? Piga picha, mpeleke kituo cha afya kama kaumia, alafu nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa umetulia uombe kuona hicho kitabu cha adhabu.

Usalama wa njiani na kwenye gari la shule?

Muulize dereva jina lake, mjue. Kwenye gari lazima awepo mtu mzima mwingine zaidi ya dereva, matroni anayehesabu watoto wakipanda na wakishuka. Hesabu viti na watoto, watoto wakipakatana waambie hapana hata kama wenzio wanasema unajidai. Mtoto wa mwisho kushushwa ni nani, na anabaki peke yake na nani kwa muda gani? Uliza hilo bila aibu. Kwa wanaopanda daladala na nauli yao ya mia mbili, au wanaovuka barabara kubwa kama Mandela au Kilwa Road, uliza shule ina mpango gani wa kuwavusha, kuna shule zinatoa mwalimu wa zamu na kibendera na zingine zinafungua geti tu.

Nahisi mtoto kafanyiwa kitu kibaya, hasemi. Nianzie wapi?

Anza kwa kumwamini. Usimkaripie, usimuulize mbele za watu, usimwogeshe wala kufua nguo kama ni jambo la leo, mpeleke hospitali na polisi dawati la jinsia na watoto. Piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Usikubali kikao cha kuyamaliza kimyakimya, hata kama mhusika ni mtu anayeheshimika, hata kama shule inakwambia utachafua jina lake.

Kipimo cha shule hapa ni kabla hayajatokea. Uliza kama kuna mwalimu wa ushauri na unasihi ambaye watoto wenyewe wamemchagua, na muulize mwanao: ukiwa na siri mbaya shuleni utamwambia nani? Akikutajia mtu bila kufikiri, shukuru.

Wanatuchangisha kila wiki, si walisema elimu bila malipo?

Ada hamna kwenye shule za serikali na shule inapewa ruzuku ya uendeshaji, ni elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka na sehemu yake inakatwa kwa ajili ya vitabu, kwahiyo unaweza kuona mwenyewe sio hela ya kufanyia makubwa. Sisi wazazi bado tunabeba sare, madaftari, na chakula. Uji wa shuleni mi nauunga mkono kwa moyo wote, mtoto aliyekunywa uji saa nne anasikiliza mpaka saa nane. Kinachotakiwa ni mchango uwe umekubaliwa kwenye mkutano wa wazazi, uandikwe, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Na mtoto asifukuzwe wala kusimamishwa mstarini kwasababu mzazi hajatoa. Shule inayomwaibisha mtoto kwa deni la mzazi imefeli malezi, sijali ina A ngapi.

Twisheni ni lazima?

Sio lazima. Kama mwalimu yuleyule anafundisha vizuri jioni kwa mia tano na asubuhi hafundishi, hilo lipeleke kwenye kamati.

Nimpeleke bweni ili asome vizuri?

Kwa awali mpaka la nne serikali ilizuia bweni toka Machi 2023, kwahiyo jibu lipo. La tano kwenda juu ni uamuzi wako, ila lala na hili swali: nani anamfunika usiku?

Mwanangu ana ulemavu au anachelewa kuelewa. Kuna shule itampokea?

Zipo. Dar kuna Uhuru Mchanganyiko inayochukua watoto wenye ulemavu na wasio nao pamoja, kuna Buguruni Viziwi kwa watoto wasiosikia, na shule kadhaa za kawaida zina vitengo vya watoto kama hao. Nenda ofisi ya elimu ya halmashauri yako uliza kitengo kilicho karibu. Lakini kabla ya hapo mpime macho na masikio, tafadhali. Kwenye shule yetu kulikuwa na mtoto alikuwa anaitwa mzito toka la kwanza, kumbe haoni ubao. Kapata miwani akiwa la nne, sa hivi anasoma kama wenzie. Mtu akilisema hilo "mzito" mbele yangu nauliza kwanza, amepimwa?

Hii ya mtaala mpya na darasa la sita imekaaje?

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka huo watamalizia la sita mwaka 2027, sambamba na wale wa la saba wa mfumo wa zamani. Kwahiyo uliza shule mapema imejipangaje na walimu na madarasa, na kama vitabu vipya vimefika mikononi mwa watoto au viko kabatini.

Nimeona tatizo. Nikilalamika si watamchukia mwanangu?

Hofu hii naielewa sana, nilikuwa nayo. Nilichoona ni kwamba ukienda peke yako ukiwa umefura ndo mambo yanaharibika, ukienda mkiwa wazazi watatu na daftari mkononi mnasikilizwa. Anza na mwalimu wa darasa, mwite mwalimu, msalimie vizuri, anza na kitu kizuri ulichokiona, maana wanakosolewa kila siku na wengi wanafanya kazi ngumu kweli. Uliza badala ya kushtaki: "mwalimu, naona hapa hajapata, nikae naye vipi nyumbani?" Ikishindikana nenda kwa mwalimu mkuu, alafu kamati ya shule, alafu Afisa Elimu Kata, alafu ofisi ya elimu ya msingi ya halmashauri. Andika tarehe na ulichoambiwa kila ngazi. Shule binafsi nazo zinasimamiwa, usiambiwe kwamba hapa ni pa mtu.

Na nikimhamisha?

Kama ni usalama wake, hamisha leo, mengine utayapanga mbele. Kama ni masomo, jipe muhula mmoja: ongea na mwalimu, kagua madaftari kila wiki, mpime kusoma mwanzo na mwisho wa muhula kwa hadithi mbili tofauti. Akisogea, baki. Asiposogea na ukaona na shule haijali, nenda kaombe fomu ya uhamisho, na huko unakokwenda fika Jumatano saa tatu na nusu.